Mkwaju na Kistari

Jumatatu, 4 Agosti

Meza ya chakula si yangu tena. Mjukuu wangu amehamia kwangu na kompyuta yake, na hiyo kompyuta ina waya nyingi kuliko nywele zangu. Nikipita na sufuria naruka ruka kama mbuzi. Leo nimemuuliza, wewe mwana, unafanya nini hapo tangu asubuhi? Naandika kodi, Bibi. Nikadhani kodi ya nyumba! Nikamwambia mwenye nyumba ni mimi na sijakudai kitu. Akacheka hadi akakohoa. Kumbe kodi ni maneno ya kuiamrisha kompyuta, ndiyo yanayofanya zile kurasa za mtandaoni zifunguke kwenye simu za watu. Duka la viatu, shule, daktari wa meno — wote wanamtafuta yeye. Haya. Kazi ya kukaa.

Sasa anatengeneza ukurasa wa ukoo wetu, kwa mapenzi yake tu. Kila mtu atajaza jina, picha na siku ya kuzaliwa, halafu kompyuta itatupanga yenyewe. Mkubwa juu, wadogo wanafuata. Kana kwamba mimi sijui kuwapanga watu wangu!

Lakini lipo jambo kubwa kuliko hilo. Jumapili ya tarehe kumi na saba wanakuja watu wa kijana mmoja, fundi friji, kumposa huyu mjukuu. Mama yake, binti yangu, kasema wazee wakikubali naye kakubali. Na kwetu anajibu mmoja tu, aliye mkubwa kuliko wote. Baba yetu ndiye aliyeweka hivyo, alichoshwa na kelele. Wazee wanaume wa ukoo wametangulia wote. Tumebaki mimi na Kidosho.

Mkubwa ni mimi. Nimemaliza.

Jumanne, 5 Agosti

Sijamaliza. Kidosho kapiga simu.

Kidosho ni ndugu yangu, baba mmoja, mama mbalimbali. Hilo jina alibandikwa utotoni kwa kujitazama kwenye maji ya ndoo, na hadi leo anadhani ni sifa. Baba alikuwa dereva wa lori. Nyumba mbili, miji miwili. Tulipozaliwa alikuwa safarini, na aliporudi gereji wakampa habari zote mbili kwa mkupuo: umepata binti huku na binti kule. Nani alitangulia? Hakuna aliyemwambia. Tukimuuliza alikuwa anasema, nyote wa kwanza, nendeni mkacheze. Jibu gani hilo! Mama yangu alinishika sikio akaniambia: wa kwanza ni wewe, usije ukamwita yule dada hata siku moja. Mama yake naye bila shaka alimwambia vilevile, maana mwanamke yule alikuwa mwongo.

Basi sijamwita dada maisha yangu yote. Yeye ananiita mdogo wangu. Mbele za watu! Hata msibani!

Leo kasema fundi friji hapana. Eti msichana wa kompyuta aolewe na mtu anayeishi kichwa ndani ya friji za watu? Anamtaka mhasibu fulani, mtoto wa shoga yake wa saluni, kijana mwenye suruali zilizonyooka. Nikijibu mimi jibu ni hapana, kasema, na wa kujibu ni mimi kwa kuwa mimi ndiye mkubwa. Nikamkatia simu. Akapiga tena ili anikatie yeye.

Jioni mwanawe, yule karani anayejiona hakimu, kaandika kwenye grupu la ukoo: tusigombane, ukurasa uamue. Atakayetokea juu ndiye atakayewajibu wageni. Watu wakamwaga vidole gumba. Kidosho kidole. Mimi kidole. Kompyuta ya kuniogopesha mimi bado haijatengenezwa. Isitoshe namjua Kidosho — mtu anayepaka nywele rangi hadi nyusi! Siku ya kuandikisha kitambulisho lazima alijipunguzia miaka. Kajichimbia mwenyewe.

Mjukuu hakuweka kidole. Aliniangalia tu. Bibi, una uhakika? Nikamwambia andika kodi yako.

Jumatano, 6 Agosti

Nimejaza jina langu kwenye huo ukurasa. Kwa kidole changu mwenyewe, kwenye simu yangu mwenyewe, nikiwa nimevaa miwani. Darasa la nne langu linatosha.

Kitambulisho changu kinasema tarehe moja Januari. Ndivyo walivyotuandikia sisi tusio na karatasi. Yule afisa aliuliza siku, nikamwambia ulizia kwa mama kaburini, akaandika moja Januari akaita mwingine. Haya. Nikaandika 1/1/48. Mjukuu alikuwa kwenye simu na yule mtu wa viatu, akaziba kipaza sauti akanipigia kelele: Bibi, andika mwaka mzima! Mzima wa nini? Nani hajui arobaini na nane ni ipi? Nimeonekana wa juzi? Nikabofya. Ikasema asante. Angalau imefundishwa adabu.

Alhamisi, 7 Agosti

Sina cha kuandika, nina hasira.

Nitaandika.

Ukurasa umefunguliwa asubuhi, ukoo mzima unatazama. Juu kabisa: Kidosho. Picha ya miaka thelathini iliyopita, na midomo ile. Chini yake binamu, wakwe, watoto, wajukuu. Nikashuka. Nikashuka. Nikapita vitukuu. Nikapita kile kitoto cha karani kilichozaliwa mwezi uliopita, hakijafungua hata macho vizuri. Na chini yake, mwisho wa ukoo, ndipo nilipokuwa. Mimi!

Kuzaliwa: 1 Januari 2048. Umri: kistari, halafu ishirini na tatu. Yaani kutoa ishirini na tatu. Mwanamke niliyezaa, nikalea, nikazika — nina upungufu wa miaka ishirini na tatu!

Kidosho kanitumia sauti. Alianza kucheka kabla ya kusema, nilimsubiri kama anayesubiri maji yachemke. Pole mdogo wangu, kumbe bado hujazaliwa. Ukizaliwa tutakuja kukuona. Tukuletee shuka gani, ya waridi au ya bluu?

Grupu zima wakaweka vinyago vya kulia kwa kicheko. Hata binti yangu! Nimemwona. Kimoja, halafu akakifuta. Nimeshakiona.

Ijumaa, 8 Agosti, mwaka elfu mbili na ishirini na tano

Mwaka naandika mzima. Nimekoma.

Mjukuu kaniketisha kunieleza. Ukiipa hiyo kompyuta tarakimu mbili za mwaka, haiulizi. Inakisia. Kuanzia hamsini kupanda inakurudisha nyuma, karne iliyopita. Arobaini na tisa kushuka inakurusha mbele. Kwa hiyo ningezaliwa hamsini na moja ningekuwa mtu. Kwa kuwa nilitangulia kidogo, mimi ni wa baadaye. Nani aliyeamua hivyo? Watu tu, Bibi, zamani. Watu gani, wana mama zao hao?

Nikasema nieleze yote basi, nijue ujinga wenu mwisho wake wapi. Kumbe hauna mwisho! Kwa kompyuta, wakati ulianza mwaka wa sabini. Kabla ya hapo ni chini ya sifuri. Sisi wote tuliozaliwa kabla tunahesabiwa kwa kutoa. Nikamwambia, mwaka wa sabini mimi nilikuwa na mume na meno yote, na huyo mume alikuwa mzito, si sifuri.

Halafu miezi. Januari wanaiita sifuri. Februari moja. Disemba kumi na moja. Lakini siku — siku ya kwanza wanaiita moja! Miezi inaanza na sifuri na siku zinaanza na moja, ndani ya tarehe ileile, na hakuna aliyeona aibu. Nikauliza kama walikuwa wamelewa. Kasema inawezekana, walikuwa na haraka. Eti lugha nzima iliandikwa kwa siku chache. Inaonekana!

Lakini moja limenikereketa kuliko yote. Kwenye ukurasa nimeona tarehe ya Kidosho. Moja Januari, arobaini na nane. Kama yangu. Hakujipunguzia! Mwanamke wa rangi ya nyusi, kwenye kitambulisho akasema kweli. Nimeshindwa hata kumchukia vizuri.

Jumapili, 10 Agosti 2025

Leo nimevaa khanga mpya nikiwa ndani, bila mgeni.

Fundi friji alikuja mchana kutazama mpira wa mlango wa friji. Mara ya kwanza alipokuja hapa, ndipo mambo yake na mjukuu yalipoanzia, nilimwambia ongeza gesi. Akasema hapana mama, gesi ipo, ni mpira umelegea, ukilipia gesi nitakuwa nimekuibia. Sijamsahau. Anakula kama anayehama, na huongea kidogo mno, ukimuuliza habari anajibu nzuri halafu anaangalia bomba. Lakini akimaliza kula anainuka na sahani yake, na ya mjukuu, na yangu. Mhasibu wa Kidosho naye nimeshamwona akila. Alisukuma sahani hivi, kwa kidole kimoja.

Wakiwa jikoni wanachekeana na sabuni, nikachukua simu nikajirekebisha. 1/1/1948. Nikabofya. Asante.

Nikafungua ukurasa.

MIMI. Juu! Juu ya Kidosho! Tarehe zetu sawa, lakini mimi ndiye wa kwanza, na yeye yuko chini yangu na midomo yake. Nikapiga vigelegele, fundi akadondosha kijiko. Mjukuu akaja mbio na mikono ya povu, akatazama, akakunja uso. Hapo pana kitu, Bibi. Kitu gani? Kompyuta imepata akili! Mwenye kutangulia katangulia.

Nikamtumia Kidosho sauti. Sikusema kitu. Nilicheka tu, polepole, hadi sauti ilipokatika yenyewe.

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Kimya upande wa Kidosho. Kimya kitamu.

Karani ndiye aliyeanza kuwashwa. Kaandika kwenye grupu: tarehe za wazee wawili ni zilezile, naomba maelezo ya kitaalamu kwa nini mmoja yuko juu. Maelezo ya kitaalamu! Amekaa nyuma ya dirisha la ofisi anagonga mihuri, basi anadhani dunia nzima ni foleni yake.

Mjukuu kasema ataangalia akimaliza viatu. Nimemwambia usijisumbue, viatu vya watu ni muhimu.

Jumatano, 13 Agosti 2025

Ameangalia. Laiti viatu vingekuwa vingi zaidi.

Ni hivi. Mimi nilipoandika tarehe nilitenganisha na ule mstari ulioinama kando, kama mwalimu alivyotufundisha. Unaitwa mkwaju. Nikauliza mkwaju upi, wa kutia ukali kwenye maji au wa kuchapia watoto? Kasema huo huo wa kuchapia, umeuegemeza tu. Karani naye, alipomwandikia mama yake, aliandika kiofisi, mwaka mbele, katikati vistari vidogo vilivyolala chali. Na kompyuta — nimemwambia arudie, nikahisi ananidanganya — kompyuta ikiona mkwaju inahesabu siku kwa saa ya hapa kwetu. Ikiona kile kistari inahesabu kwa saa ya huko mbali ambako jua huwafikia baada yetu. Siku moja, mwaka mmoja, lakini yangu inaanza mapema kuliko yake kwa saa kadhaa.

Kwa hiyo mimi ni mkubwa kwa mkwaju. Mama yangu hakuchangia kitu.

Nilivua miwani, nikaifuta. Kisha nikasema sawa. Nani mwingine anajua? Hakuna, Bibi, mimi tu. Basi vizuri, funga kompyuta ule.

Hakula. Kasema atalisahihisha na atawaambia. Nikamwambia una wazimu? Ukisahihisha, Kidosho anaweza kurudi juu, na Kidosho akiwa juu huyo fundi wako arudi kwenye friji zake! Unakata tawi na wewe ndiye umelikalia! Akanijibu, macho yamejaa maji lakini shingo imenyooka: Bibi, mimi siwezi kuolewa kwa kosa la kodi.

Nikamwambia wengi wameolewa kwa makosa makubwa kuliko hilo, na nikataja watano, mmoja wao babu yake.

Akacheka. Halafu akasahihisha. Shingo ile ni ya kwangu, sijui nimlaumu nani.

Ijumaa, 15 Agosti 2025

Mambo yamekuwa mabaya kwa namna nisiyoijua jina.

Ameziweka tarehe zetu zote mbili kwa saa moja, kistari kimoja, bila upendeleo. Akaniita nione. Akaiuliza kompyuta: huyu wa kwanza, Kidosho, katangulia huyu wa pili? Ikasema hapana. Nikapumua. Wa pili katangulia wa kwanza? Hapana. Haya basi, wako sawa? Hapana!

Nikasema huyu ni mgonjwa. Hatuzidiani wala hatulingani, sasa sisi ni nini, moshi? Kasema ndivyo ilivyo, ukiiuliza kama ni sawa haitazami tarehe inasema nini, inatazama kama ni kitu kilekile kimoja. Kama sahani zako mbili za seti moja, Bibi. Zinafanana kila ua, lakini ukivunja hii ile bado nzima. Nikamwambia usitaje kuvunja sahani zangu.

Akaiuliza la mwisho. Huyu ni mkubwa kuliko yule au walingana? Ndiyo. Na yule, ni mkubwa kuliko huyu au walingana? Ndiyo. Hapo hapo, haikumeza hata mate! Muda si mrefu uliopita ilikana kwamba tunalingana, ikakana kwamba tunazidiana, sasa inakubali kila kitu. Shahidi wa namna hii hakimu angemfunga yeye.

Lakini nilikaa pale mezani baada ya yeye kuondoka kwenda kununua mkate. Ndiyo na ndiyo. Nyote wa kwanza, nendeni mkacheze. Nilimwona baba amesimama na kofia yake ya udereva, anatafuta mahali pa kukimbilia.

Mjukuu ametuweka mstari mmoja, juu, mimi na Kidosho, bega kwa bega. Picha yangu inaonekana imemezwa na midomo ile. Kwenye grupu karani katoa hukumu: basi wote wawili ni wakubwa, wajibu wote wawili, kwa neno moja. Wasipopatana wageni waondoke bila jibu. Vidole gumba.

Neno moja! Mimi na Kidosho hatujawahi kupatana hata kwamba mvua inanyesha.

Nimempigia. Nimebembeleza. Naandika hapa kwa kuwa hapa hakuna anayeona: nilibembeleza. Nikamweleza habari ya gesi na mpira wa mlango. Akasikiliza yote, akasema, mdogo wangu, mtu asiyeiba ni wa kuajiri, si lazima kuolewa naye. Tutaonana Jumapili.

Jumamosi, 16 Agosti 2025

Tumefagia, tumepiga pasi mapazia. Mjukuu kafungua kompyuta mara moja tu, akaifunga. Nikamuuliza jibu likiwa hapana utafanya nini, siku hizi si mnajiendea tu? Akasema, ningeweza, Bibi. Lakini yeye hatanichukua hivyo. Kasema akiingia nyumba kwa mlango wa nyuma, hata friji atashindwa kuitengeneza kwa raha.

Kijana haongei, na akiongea ndiyo hiyo.

Kidosho hajapiga simu kutwa. Anapika kitu huyo.

Jumapili, 17 Agosti 2025

Asubuhi. Viti vimetosha. Fundi kafika mapema kuliko watu wake na shati bado lina mikunjo ya dukani. Hajakaa. Anaisikiliza friji.

Mchana, chumbani kwangu. Nimefunga mlango. Naandika mbio, wageni wako sebuleni na mimi nimesema nafuata miwani. Miwani iko puani.

Wamekuja wanne. Mama yake fundi, mwanamke mwembamba, kakaa ukingoni mwa kochi asiharibu kitambaa. Shangazi mmoja. Mzee mmoja hajasema jina wala habari. Na mjomba wake ndiye msemaji — kasema vizuri, bila mbwembwe. Tumeona ua katika nyumba hii, tumekuja kuuliza. Tuzungumze na nani?

Ukoo mzima ukatugeukia. Mimi kiti hiki, Kidosho kiti kile. Kavaa dhahabu yote, analia kama kengele akijigeuza. Karani kakohoa kikarani. Wazee wetu wawili watajibu, kwa neno moja.

Nikafungua mdomo. Kidosho akainuka. Nina kiu, kasema, na akanikonyeza niende naye jikoni. Kunikonyeza mimi!

Jikoni hakunywa maji. Kasimama mbele ya friji, kaegemea mlango, akanitazama bila kucheka, na Kidosho asipocheka uso wake ni wa baba mtupu. Akasema, nimemwangalia yule kijana. Aliponiona nashuka kwenye gari alikuja kunishika mkono kabla hajajua mimi ndiye ninayemkataa. Sina neno naye. Mhasibu wangu angeangalia saa.

Nikasema basi twende tukajibu.

Kasema ngoja. Nitasema ndiyo. Lakini uniite dada. Mara moja tu. Mle ndani, mbele ya watu wote, useme dada, tuwajibu. Nami nitajibu ndiyo, na sitakuita mdogo wangu tena hadi nife.

Nikamuuliza una akili? Tuna zaidi ya miaka sabini na wewe unataka kuitwa!

Akasema, mama yangu alikufa akisubiri kulisikia.

Nikamwambia, na wangu alikufa akinikataza.

Friji ikaanza kunguruma nyuma yake. Kasema, kompyuta imesema nini? Nikamwambia imesema ndiyo kwako na ndiyo kwangu. Basi, kasema, haitakupunguzia kitu. Nikamwambia basi niite wewe! Akazungusha bangili zake. Kumbe na yeye haliwezi.

Ndipo nikasema nafuata miwani.

Sasa nimekaa kitandani. Wananong'ona kule. Mjukuu kapita mlangoni, nyayo zake nazijua, kasimama, hakubisha. Angebisha ningemfukuza. Hakubisha.

Mama, nisikilize. Ulinishika sikio, hadi leo nalisikia linauma. Lakini wewe ulitaka niwe wa kwanza, hukusema nimzuie mtoto wa mtoto wangu. Au ulisema? Hukusema.

Nimeliandika kwanza nilione lilivyo. Dada. Da, halafu da tena, hakuna cha zaidi. Kitoto kinaanza na neno hilo kabla hakijaota meno. Nimewaita hivyo wauza mboga! Nimemwita hivyo konda, mpiga sindano, mwanamke aliyenikanyaga mguu!

Nimejaribu kwa sauti ndogo, nimeuelekea ukuta. Dada.

Nyuma ya mlango mtu kacheka.

Kidosho! Kengele zile. Amesimama pale muda gani huyu mwanamke? Eti, sijasikia, sema kwa nguvu, haya ni masikio ya mzee.

Mzee! Kasema mzee yeye! Hata hapa ananiibia! Nimemwambia ondoka mlangoni. Kasema haondoki. Sauti imeshuka, haina kicheko tena. Kasema, watoto wanatusubiri. Toka. Tutaingia pamoja, nitakushika mkono.

Nimesimama. Naandika daftari liko juu ya kabati. Mkono mmoja uko kwenye komeo, na nje nasikia mjukuu anapumua. Haya. Nafungua. Da—